Kila Mwenye Kanzu ni Mtani

Siku yule kijana wa Mlali alipoletwa darasani kwetu, alitupita sote, akaenda mpaka mbele, akamvua mwalimu tarabushi yake nyekundu, akaivaa yeye, akakaa kwenye kiti cha mwalimu na kusema, "Ufe upesi, nirithi na viatu."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye huwa nacheka msikitini, nilikibana kicheko changu. Udongo ulidondoka kidogo kutoka darini, maana shule yetu ni tembe kama nyumba nyingine za hapa Dodoma, na paa lake lina tabia ya kuchangia mazungumzo. Mwalimu alisimama na kichwa chake kitupu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi kujua kwamba ana upara.

Kisha akachukua bakora.

Sasa hapo ndipo jambo lilipoanza kuwa la ajabu. Mtoto akichapwa hulia, au hukimbia, au hujifanya amekufa, na mimi hizo zote nimezijaribu na ninaweza kukuambia ipi inafaa kwa fimbo ipi. Huyu alichapwa, akacheka. Si kicheko cha kiburi. Alicheka kama mtu aliyepewa zawadi. Alipoachiwa akajipangusa, akamwinamia mwalimu kidogo, akaja kukaa kando yangu dawati la nyuma, akanigawia karanga.

"Mkali huyu," akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kupapasa. "Nimempenda."

Nilisogea pembeni kidogo, lakini karanga nilikula.

Ni lazima nieleze mwalimu wetu alikuwa mtu gani, na nitaeleza kwa uangalifu, kwa sababu bado niko shule hiyohiyo na bakora nayo ipo. Ni mtu wa Tanga. Alikuja na gari la moshi mara tu reli ilipofika, na sanduku la bati, mwavuli, na kanzu nyeupe kuliko kitu chochote kilichopata kuonekana katika vumbi hili. Kila Jumatatu, kabla ya hesabu, alitusomea nasaba yake: yeye mwana wa fulani, mwana wa fulani, mpaka tunafika Shirazi, na huko Shirazi tulikuwa tunapumzika kidogo kabla ya kuendelea. Sisi watu wa bara alituita "nyinyi wa huku". Alikuwa akisahihisha hata chafya zetu.

Wanafunzi wengi walikuwa wana wa majumbe wa Kigogo, walioletwa shule kwa amri ya boma, wengine na askari nyuma yao. Sisi wa mjini tulikuwa wachache. Mama yangu ni Mgogo, baba yangu ni mtoto wa Mnyamwezi aliyepita hapa na misafara ya zamani, akatua mzigo, akaoa, akasahau kuuinua tena. Kwa hiyo mimi ni wa huku pande zote mbili.

Huyo wa Mlali alikuwa mwana wa jumbe, naye alikuwa mkubwa kama mimi, mrefu, masikio yametobolewa, na hadi anakuja kwetu alikuwa hajawahi kuona mji. Na baada ya siku ile ya kwanza hakuacha. Alificha kiatu kimoja cha mwalimu. Alimwomba mwalimu amwachie mke wake atakapokufa. Alimpaka majivu mgongoni wakati anaandika ubaoni, na mwalimu akatembea mjini hivyo mpaka sokoni. Kila mara akichapwa, alishukuru.

Na mtoto huyohuyo, ukimwacha na watu wengine, alikuwa na adabu inayochosha. Aliwaamkia wakubwa akiwa amepiga goti. Alibeba maji ya mpishi wa shule bila kuombwa. Mbuzi wa jirani alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyeufunga kwa vijiti, akawa anakwenda kumtazama kila asubuhi kama mganga. Aliwagawia chakula wadogo kabla yake mwenyewe. Sikuwahi kumwona akimwumiza mtu.

Tulikuwa na kiranja, mwana wa tajiri mmoja wa mjini. Huyo alisema shikamoo kwa sauti ya asali. Mwalimu alimpenda, na wa Mlali alimchokoza siku za Ijumaa tu, sikujua kwa nini. Lakini sisi tulijua kwamba anapenda kuwafinya wadogo sehemu ya ndani ya mkono, pasipoonekana, akiwatazama usoni ili aone machozi yanaanzia wapi. Alikuwa akikamata mijusi na kuwakata mikia, halafu vidole, kimoja kimoja, bila hasira yoyote. Mimi ni mtundu, sikatai, lakini ninapomfanyia mtu jambo nataka acheke, hata kama ni baadaye, hata kama ni mwakani. Kiranja hakutaka mtu acheke. Nalisema hapa kwa sababu mjini siku hizo palikuwa na mazungumzo mengi juu ya watoto wabaya, na jina la kiranja halikutajwa hata mara moja.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi. Mama yangu alisema huyo wa Mlali bila shaka ni kigego, mtoto wa mkosi, meno yake ya juu yalitangulia ya chini, na watu wake walikosa ujasiri wa kusema. Mpishi wa shule alisema ni minyoo. Kiranja alisema ni jini, na kwamba anamjua jini mwenyewe. Mwalimu alisema ni upungufu wa fimbo, ingawa ukihesabu fimbo zilizokwisha kutumika ungeona kwamba dawa hiyo imekwisha na ugonjwa upo palepale. Mimi nilisikiliza kwa makini, kwa kuwa maelezo yote hayo yamewahi kutolewa juu yangu, na dawa zake zote nimezinywa.

Siku moja mwalimu alikuta kanzu yake ya Ijumaa imevishwa mbuzi. Alikwenda boma.

Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa boma na mwamuzi wa kesi zote, alikuwa safarini upande wa Kondoa, huko Kolo. Jibu lililorudi kutoka boma lilikuwa kwamba akirudi atasikiliza, na kwamba kabla ya hapo bwana daktari wa Kidachi atamchunguza kijana kama anafundishika. Akionekana hafundishiki, atatolewa shule na kupelekwa pamoja na wafungwa kuvunja kokoto za reli. Tulikuwa tukiwaona wale wafungwa. Walikuwa wamefungwa shingo kwa shingo, na sauti ya nyundo zao ilifika mpaka darasani wakati wa imla. Mtu akiingia katika mnyororo ule akiwa kijana, alitoka akiwa mzee, kama alitoka.

Mama yake alipata habari. Alikuja kwa miguu kutoka Mlali na kibuyu cha maziwa ambayo yalikuwa yameganda njiani, na kwa kuwa ukoo wake na wa mama yangu unagusana mahali fulani, akafikia uani kwetu. Hakulia. Alikaa tu kwenye kivuli cha ghala, akitwanga uwele wetu wote mpaka ukaisha, kisha akaomba wa jirani.

"Mwanangu hajawahi kumtukana mkubwa," alimwambia mama yangu.

"Wanasema alimwambia mwalimu ufe upesi," mama akasema.

"Labda alisikika vibaya. Kiswahili chake kibovu."

Kwa kweli neno hilo ndilo alilolisema vizuri kuliko yote.

Bwana daktari alikuja shuleni na sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na koleo kubwa la chuma lenye meno mawili yaliyopinda, kama la mhunzi. Karani wa boma alikuja naye kutafsiri. Akatueleza kwamba bwana huyu anaweza kujua tabia ya mtu kwa kupima mifupa ya kichwa, na kwamba hakuna atakayekatwa. Hiyo ya mwisho ilituogopesha wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kukatwa.

Ili kutuonyesha kwamba haliumi, daktari alianza na mwalimu. Akamshika kwa koleo huku na huku, akatazama, akampima tena. Akamwambia karani maneno machache. Karani akakohoa.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Anasema kichwa ni kikubwa," karani akajibu, akageukia dirisha, mabega yakitikisika.

Kiranja alipimwa, daktari akampigapiga shavuni. Inaelekea kilikuwa kichwa cha malaika. Mimi nilipopimwa, daktari aliuliza kama niliwahi kuanguka kutoka juu. Nikasema ndiyo, mara nyingi, nyingine kwa makusudi.

Kisha daktari akahisi joto, au vumbi lilimkera, sijui. Akafungua sanduku akatoa vazi lake la kazi, koti jeupe refu linalofika chini ya magoti, akalivaa, akafunga vifungo. Halafu akamwita wa Mlali.

Nilimwona rafiki yangu akimtazama. Alilitazama lile vazi kutoka juu mpaka chini. Alimtazama uso, akasita. Alilitazama tena vazi. Nikaona ameshaamua.

Alikaa vizuri, akapimwa bila kutikisika, akasema ahsante. Daktari alipoweka koleo mezani ili aandike, wa Mlali akalichukua, akambana nalo pua, akasema kwa upole, "Na wewe ufe. Nitabaki na sanduku."

Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba Mdachi akikasirika sikio ndilo linalotangulia kuwa jekundu, na kwamba karani alipotakiwa kutafsiri alisema kijana amemwombea bwana mapumziko mema.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na shaka. Daktari aliondoka akiwa ameandika kwamba kijana huyu hana aibu, hana hofu, na hajui maumivu ya mwenzake. Kila mtu akangoja Bwana Shauri arudi.

Jumapili wanafunzi wa bweni waliruhusiwa kuwaona jamaa zao, basi wa Mlali akaja uani kwetu kumwona mama yake. Alikaa karibu naye akimenya karanga, anampa yeye zilizo nzima, mwenyewe anakula zilizovunjika. Ndipo babu yangu akaingia.

Babu yangu mzaa baba anakaa Chamwino kwenye shamba lake, na huja mjini akihitaji tumbako au mtu mpya wa kugombana naye. Usidhani ni mzee wa kutoa mawaidha. Mdomo wake ni mchafu hata baba hapendi kula naye mbele ya wageni. Siku hiyo alikuwa amevaa kanzu yake ya zamani, ile iliyogeuka rangi ya chai, na alipoingia na kumwona yule kijana mwenye masikio yaliyotobolewa, alisimama mlangoni akanusa hewa.

"Nani ameleta huyu mla mlenda hapa?" akasema. "Nyumba yote inanuka mbuzi."

Nilitaka ardhi inifiche. Lakini rafiki yangu aliinuka na uso umemng'aa. Akaenda mpaka kwa babu, akamvua kofia, akaivaa, akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu akatoa kopo la tumbako, akalitia kibindoni.

"Mzee, bado hujafa?" akasema. "Tumechimba kaburi mpaka limejaa panya."

"Kaburi lenu ni fupi, Mgogo. Mlipima kwa miguu ya nani?"

"Tutakukunja."

Babu akacheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi, akaanza upya, akatukana mifugo ya Mlali, masikio ya Mlali, akamtukana hata kunguru anayepita juu ya Mlali. Mama wa kijana naye, yule aliyekaa wiki nzima kama jiwe, akasimama akamnyang'anya babu mkongojo, akasema hautarudi mpaka alipwe jogoo. Wote watatu walikuwa wanacheka. Mama yangu akaendelea kusonga ugali kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kweli hakuna kilichokuwa kimetokea. Mgogo amekutana na Mnyamwezi. Ni watani, na kati ya watani ndivyo inavyokuwa: utamtukana, utachukua chake, utamzika akiwa mzima, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Nimeyaona hayo tangu nizaliwe. Katika mazishi ya bibi yangu walikuja watani wa Kigogo wakalala ndani ya kaburi, wakakataa kutoka mpaka wapewe kitu, na babu ambaye alikuwa akilia akaanza kucheka huku analia.

Tarabushi, viatu, ufe upesi, urithi. Kumbe yote yale ya darasani yalikuwa haya haya.

Nikamvuta rafiki yangu nyuma ya ghala. "Mwalimu umemdhani nani?"

"Mnyamwezi," akasema.

"Nani amekuambia?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Amevaa kanzu."

Kumbe kwao Mlali, watu wa kanzu aliowahi kuwaona ni wale Wanyamwezi wa misafara tu, waliokuwa wakipita kuomba maji na kutukanana na baba yake. Kwake yeye kanzu ndiyo kabila. Mtu akivaa kanzu ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani, na mtoto aliyelelewa vizuri hampiti mtani bila kumfanyia utani, maana kumpita kimya ni kumwambia kwamba si mtu. Nikakumbuka kwamba kiranja alichokozwa Ijumaa tu, siku ya kanzu. Nikakumbuka koti la daktari. Na mimi, Mnyamwezi pekee wa kweli katika shule nzima, nilipewa karanga na heshima, kwa kuwa kanzu yangu ililiwa na mchwa mwaka uliopita na nilikuwa naenda msikitini na shuka.

"Na zile fimbo?" nikauliza.

"Nilidhani ndio utani wa mjini," akasema. "Nilisema huyu ni mtani mkubwa, hachoki. Ila nilikuwa nashangaa mbona hacheki kamwe."

"Si Mnyamwezi," nikamwambia. "Ni mtu wa Tanga. Huko kuna bahari. Si mtani wako hata kidogo."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bakora ya mwalimu na koleo la daktari havikuweza kukitoa. Uso wake ulizimika. Alikaa chini ya ukuta wa ghala, akajifunika kichwa kwa shuka. Alikuwa akihesabu, nadhani, kila alichomfanyia mzee wa watu, mgeni, mwenye upara. "Nilimwomba mke wake," akasema ndani ya shuka. Hakula ugali ule. Kama daktari angepita wakati huo na kuuliza aibu iko wapi, ningemwonyesha.

Kesho yake alfajiri nilimkuta amepiga goti mlangoni kwa mwalimu, na mbele yake amepanga kila kitu: kiatu, kifuniko cha wino, rula, nusu ya tasbihi, na kipande cha shuka ambacho sikuwahi kujua kwamba kilipotea. Mwalimu alifungua mlango, akaona, akarudi nyuma hatua moja.

"Mna nini ndani ya kiatu?" akasema. "Nge?"

Nikajitokeza nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama insha. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe," akasema, "ndiye uliyenifundisha salamu ya Kigogo ya kumpa heshima jumbe."

Nikatazama chini. Kweli nilimfundisha. Maneno yale maana yake ni *mimi ni beberu*, na mwalimu aliwaamkia nayo majumbe msimu mzima, kwa sauti nzuri ya Kitanga, mkono kifuani.

"Nenda darasani," akasema.

Hivyo ukweli wangu wa kwanza tangu nianze shule ulikosa mnunuzi. Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa kumpeleka babu boma. Baba akasema ni afadhali nimpeleke fisi.

Bwana Shauri alirudi, akaketi barazani nyuma ya meza yake. Karani alisimama upande huu, daktari upande ule, pua yake ikiwa imepona. Mwalimu alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na tarabushi imekaa sawa. Rafiki yangu alisimama katikati ya askari wawili. Mama yake alikaa chini kwenye mchanga, na mikono yake, iliyozoea mchi, ilikuwa haijui pa kukaa. Kutoka pale barazani ungeweza kuzisikia zile nyundo.

Mwalimu akasema yake. Hakuongeza chumvi, nampa haki yake. Daktari akasema ya mifupa. Bwana Shauri akauliza kama kuna mwenye neno, nami nikamsukuma babu.

"Bwana," babu akasema, "huyu mtoto hakukosea tendo. Amekosea mtu."

Karani akatafsiri, na Bwana Shauri akataka kuelezwa. Ikachukua muda mrefu, kwa sababu inaelekea Wadachi hawana neno la utani, na kila karani alipojaribu neno moja bwana alitikisa kichwa. Mwishowe Bwana Shauri akauliza hivi: "Yaani mtu huja nyumbani kwa mwingine, akamtukana, akachukua mali yake, na mwenye nyumba haruhusiwi kukasirika?"

"Ndivyo, Bwana."

"Na serikali yenu iliruhusu jambo hili?"

"Na mwenye nyumba naye ana zamu yake ya kwenda kuchukua, Bwana," babu akasema. "Bila hiyo si utani."

Nikatazama boma lile kubwa, ng'ombe wa kodi waliojaa zizini nyuma yake, na bendera. Nikajiuliza kama kumbe Wadachi ni watani wetu siku zote hizi, na hakuna aliyekumbuka kutuambia zamu yetu ni lini. Nilikuwa karibu kuuliza. Mama yangu alinifinya kabla sijafungua mdomo, ananijua.

"Na mimi?" daktari akauliza kupitia kwa karani. "Mimi pia ni Mnyamwezi?"

"Ulivaa kanzu, Bwana," babu akamjibu. "Ungemtukana kidogo, mngekuwa ndugu."

Askari mmoja akageuka kutazama ukuta. Bwana Shauri hakucheka, lakini alikishika kidevu chake. Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo wakubwa wao wanapenda kuuliza, swali lenye ndiyo na hapana.

"Kama mwalimu angekuwa Mnyamwezi, kungekuwa na kesi?"

"Hakuna, Bwana. Tena mwalimu ndiye angedaiwa, kwa kupiga bila kucheka."

"Lakini mwalimu si Mnyamwezi."

Watu waliokuwa barazani wakaguna kwa furaha. Kila mtu mjini aliijua ile nasaba. Hata askari waliijua, na mmoja alianza kuitamka chini kwa chini: mwana wa fulani, mwana wa fulani. Karani alikuwa ameshatafsiri kwamba hapana, si Mnyamwezi, huyu ni Mshirazi. Bwana Shauri akachukua kalamu. Mama wa Mlali hakujua Kijerumani, lakini kalamu aliielewa. Alinyanyuka nusu, akabaki hivyo.

Mwalimu alikuwa anamtazama kijana. Na kijana, ambaye kwa muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, aliinua macho akamtazama mwalimu, si kwa kuomba, ila kama mtu anayemtazama mgeni aliyemmwagia maji ya moto kwa bahati mbaya na hajui aanzie wapi.

"Ngoja," mwalimu akamwambia karani. "Mwambie Bwana. Bibi yangu. Mzaa mama." Akasimama hapo kama mtu aliyefika mtoni. "Alitoka Unyanyembe. Aliletwa pwani na msafara, akiwa mtoto."

Hakuna aliyeguna tena. Karani alimtazama kama aliyesikia vibaya.

"Tafsiri," mwalimu akasema. "Bibi yangu alikuwa Mnyamwezi. Kwa hiyo kijana hakukosea mtu."

Sijui mpaka leo kama ni kweli. Babu anasema pua ya mwalimu ni ya kwao kabisa, lakini babu anasema hivyo juu ya kila pua. Ninachojua ni kwamba mwalimu alipoliona neno lile limefika kwa Bwana na kalamu imewekwa chini, alivua tarabushi yake mwenyewe, akajifuta upara, akasahau kuirudisha. Kijana aliachiwa. Mama yake alipita mbele ya mwalimu, akatema mate kidogo mkononi mwake kumbariki, na mwalimu, ambaye huosha mikono akigusa chaki yetu, aliuacha mkono ule vilevile mpaka tukafika shule.

Mwalimu aliyalipia maneno yale, usidhani hakulipa. Mjini wenye majina makubwa walianza kumwita "mjukuu wa mpagazi" akipita. Kiranja alilisema darasani, kwa ile sauti ya asali, akimtazama usoni aone panauma wapi. Mwalimu akamtazama naye kwa muda mrefu, nafikiri ndiyo mara ya kwanza alimtazama kweli. Kesho yake kulikuwa na kiranja mwingine. Kwa bahati mbaya hakuwa mimi. Jumatatu nasaba haikusomwa tena, tukaanza hesabu moja kwa moja, hasara kubwa kwetu. Na babu sasa huja shuleni wakati wowote, anamwita mwalimu "mjukuu", anaomba tumbako.

Rafiki yangu ndiye aliyekuwa shida. Aliogopa. Alikaa dawati la nyuma kama kifaranga aliyelowa, akisema naam mwalimu, ndiyo mwalimu, mpaka nikaanza kumwonea huruma mwalimu mwenyewe.

Basi siku moja, katikati ya imla, mwalimu akashuka kati ya madawati akisoma kitabu chake. Alipofika kwetu alisimama. Bila kuacha kusoma, akanyoosha mkono, akachukua karanga zote za wa Mlali zilizokuwa juu ya kibao, akatia moja mdomoni, akatafuna.

"Mgogo wewe," akasema, kwa ugumu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Kwenu hata karanga zinanuka mbuzi." Akageuka kuendelea. "Mstari mpya."

Rafiki yangu akanitazama. Nikampa ishara kwa kichwa. Mwalimu alikuwa amesimama akitupa mgongo, hatembei, kitabu kimeinuliwa, na shingo ameiinamisha kidogo, kiasi cha mkono kuifikia tarabushi bila kujisumbua.